Daftari la laibrari na miaka kumi ya Kanumba

Kaka yangu alikuwa na laibrari pale Kahama. Kwa waliozaliwa juzi: laibrari haikuwa na kitabu hata kimoja. Kilikuwa chumba cha kupanga chenye rafu za mbao, TV ya chogo, deki mbili ambazo moja ilikuwa mbovu siku zote, na makava ya filamu yaliyobandikwa mpaka ukasahau ukuta ulipakwa rangi gani. Unatoa shilingi 500, unaandikwa jina, unaondoka na CD yako, kesho unarudisha. Ukichelewa, faini shilingi 300 kwa siku. Mwandishi wa majina nilikuwa mimi. Nilikuwa sekondari, na nyumbani kwetu mwandiko uliokuwa unasomeka ulikuwa wangu tu.

Mwaka jana mama alipokuwa anahama nyumba, sanduku la bati likafunguliwa, na chini ya vitenge yakatoka madaftari mawili ya kaunta, ya kuanzia 2009 hadi 2012. Nilikaa nayo sakafuni jioni nzima, mama akiniuliza kama nimekuja kumsaidia kuhama au kusoma. Safu ya kwanza tarehe, ya pili jina la mteja, ya tatu jina la filamu. Sasa kwenye hiyo safu ya tatu ndipo nilipokwama. Kwa filamu za Kihindi niliandika jina la filamu. Za Kichina niliandika "karate" basi. Lakini ukurasa baada ya ukurasa kuna mistari niliyoandika jina la mtu: Kanumba. Kanumba. Kanumba, ya watoto. Kanumba, ile analia kwenye gari. Kanumba mpya.

Wateja hawakuwa wanataja jina la filamu. Walikuwa wanamtaja yeye, kama mtu anavyoomba sukari dukani.

Nimekuwa nikitaka kuandika juu ya mwigizaji Steven Kanumba kwa miaka, na kila nikianza mazungumzo na mtu, tunaishia Sinza, usiku ule aliofariki, nani alikuwa chumbani, nani alisema nini. Alianza kuonekana kwenye televisheni mwaka 2002, akafariki mwaka 2012. Miaka kumi. Mjadala wa kifo chake sasa una umri mkubwa kuliko kazi yake. Kwa hiyo hapa naomba tukae na kazi.

Alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Akasoma shule ya msingi Bugoyi, akapita Mwadui kwenye machimbo ya almasi, kisha akaenda Dar es Salaam na baadaye akasoma Jitegemee. Sisi wa kanda ile tulikuwa tunamhesabu kama mtoto wa nyumbani, na nakumbuka wazee waliokuwa hawana habari kabisa na filamu wakiuliza tu, "Huyu si ndiye yule Msukuma wetu?" Wakijibiwa ndiyo, wanavuta stuli.

Kuna jambo moja kuhusu mwaka wake wa kuzaliwa ambalo huwa linanichekesha na kunishangaza kwa pamoja. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, tena ya rangi. Bara tulikaa bila kituo hata kimoja mpaka 1994, ITV ilipoanza. Maana yake Kanumba alikuwa na miaka kumi hivi televisheni ya bara inazaliwa. Alikulia nchi ambayo ukimwambia mtoto "nitakuwa mwigizaji wa televisheni" hujui hata unamaanisha kazi gani. Miaka minane baadaye alikuwa ndani yake, kwenye kundi la maigizo la Kaole Sanaa Group, mchezo unarushwa ITV, na mtaa mzima umehamia kwa jirani mwenye TV.

Kaole haikuwa shule, lakini ilifundisha. Waliotangulia pale, kina Muhogo Mchungu na Bi Chau, walikuwa na uigizaji wa kukufikia hata ukiwa nje ya dirisha: sauti juu, mikono kazini, uso unacheza. Ni uigizaji wa jukwaani, na ninaupenda mpaka leo, maana kwa jirani mwenye TV mlikuwa watu arobaini na kelele za watoto. Mwigizaji asiyepaza sauti mlikuwa hamumsikii. Kanumba alipoingia kwenye michezo kama Jahazi na Dira alikuwa kijana mwembamba, na alikuwa na tabia moja ambayo mwanzoni niliona kama udhaifu. Alikuwa anaongea chini. Mwenzake akiwa anafoka, yeye anamtazama. Kamera ikija kwake, hajafanya kitu bado, yuko katikati ya kusikiliza.

Nilikuja kuelewa baadaye sana, nikiwa nimeona filamu zake labda mara mia kwa sababu ya kukaa kwenye kaunta. Kipaji chake kilikuwa hapo, kwenye kusikiliza. Waigizaji wetu wengi wa wakati ule walikuwa wanasubiri zamu yao ya kuongea. Unaona kabisa macho yanahesabu maneno ya mwenzake ili yakiisha na yeye aanze. Kanumba alikuwa anapokea. Ukimwambia mkewe wa kwenye filamu amemsaliti, kwanza hakuna kitu. Halafu mdomo wa chini unashuka kidogo. Halafu anaangalia pembeni, kama mtu anayetafuta funguo. Machozi yanakuja mwisho, na yakija anayafuta kwa mgongo wa mkono, haraka, kwa aibu ya kiume. Hilo la kufuta haraka ndilo lililowamaliza wateja wetu.

Maana lazima niseme juu ya kulia. Kabla yake, rafu za kaka zilikuwa na wanaume wa aina mbili. Kulikuwa na wale wa filamu za mapigano zilizotafsiriwa na Lufufu, ile sauti yake moja ikiigiza watu kumi na tano, mzungu anaongea kama mkazi wa Temeke. Na kulikuwa na wa Kinigeria, waganga na matajiri. Wateja wa hizo walikuwa vijana wa stendi na wachimbaji wakishuka mjini. Wanawake walikuja mara chache, kukodisha za Kihindi. Nikihesabu majina kwenye daftari la 2009, zaidi ya nusu ya mistari ya Kanumba ni "Mama fulani". Mama nanihii, dada wa saluni, mwalimu wa kike, na mama mmoja mwenye genge la mboga mkabala na sisi ambaye nitamrudia. Mwanamume anayelia bila kupigwa risasi kilikuwa kitu kipya kwenye deki za Kahama. Vijana walimcheka. Kisha nikawa nawaona haohao wanakuja jioni, "dada amenituma."

Safari ya kutoka kwenye televisheni kwenda kwenye CD ilikuwa ya pesa kabla ya kuwa ya sanaa. Mchezo wa televisheni ulikupa jina tu. Ukipanda daladala watu wanakuita jina la kwenye mchezo, nauli unalipa mwenyewe. Mwaka 2003 ikatoka Girlfriend ya George Tyson, na watu wakaona kumbe filamu ya Kiswahili inaweza kuuzwa kama bidhaa. Wasambazaji wa Kariakoo wakaingia. Kanumba, Vincent Kigosi ambaye wote tunamwita Ray, Blandina Chagula ambaye wote tunamwita Johari, kizazi kile cha Kaole kikahama karibu chote.

Mwaka 2006 ikaja Dar 2 Lagos, ya Mtitu Game, ikiongozwa na Mnigeria Femi Ogedegbe, ndani yake yupo Mercy Johnson. Leo hatuwezi kueleza vizuri ilivyokuwa. Tulikuwa tumezoea kuwatazama Wanigeria kama watu wa juu, wao wanatuma filamu sisi tunapokea. Ghafla kwenye fremu moja yuko kijana wa Shinyanga, amesimama nao, na hajasinyaa. Siyo filamu nzuri sana, kuna sehemu inakwenda kwa kuchechemea. Lakini wateja wetu waliirudisha CD ikiwa na mikwaruzo mpaka kaka akaisugua kwa dawa ya meno, na ikacheza.

Kanumba alielewa kitu pale na hakukiacha. Alitaka kuonekana mkubwa kabla ukubwa wenyewe haujafika. Akajiita The Great. Akaanzisha kampuni na kuipa jina hilohilo, Kanumba The Great Film. Suti, miwani, gari, nyumba ya kifahari ya kuazima kwa siku mbili za kurekodi. Filamu zake karibu zote zikawa na majina ya Kiingereza ingawa ndani watu wanaongea Kiswahili: Oprah, Young Billionaire, Cross My Sin. Wapo waliomdhihaki kwa hilo, na mimi nilikuwa mmojawapo, kijana wa kidato cha tatu mwenye kamusi. Mwaka 2009 alipoalikwa kama mgeni kwenye jumba la Big Brother Africa, Watanzania walimcheka Kiingereza chake wiki nzima, na tuliocheka wengi wetu tulikuwa hatuwezi kuagiza chai kwa lugha hiyo. Bado sikipendi kile Kiingereza cha kwenye makava. Ila nimeacha kukiita ulimbukeni. Alikuwa anauza filamu Rwanda, Burundi, Kongo, anaitazama Lagos, na hakuwa na bodi wala benki nyuma yake ya kumwambia namna nyingine ya kujitangaza nje. Alitumia alichokuwa nacho.

Niseme na makosa, maana mtu aliyekaa kaunta hawezi kuwa shabiki kipofu. Bongo Movie ya miaka ile ilikuwa na ugonjwa wa geti. Gari linafika. Honi. Mlinzi anatoka kibandani, anavaa kofia, anafungua geti upande mmoja, anafungua upande wa pili. Gari linaingia. Mlinzi anafunga upande mmoja, anafunga wa pili. Gari linaegeshwa. Stelingi anashuka, anavua miwani, anaitazama nyumba. Dakika tatu zimeisha na hakuna aliyesema neno. Siri ya geti ni kwamba filamu moja iliuzwa kama mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na hadithi ya saa moja na nusu lazima ijaze CD mbili. Geti lilikuwa linajaza. Barabara ya Bagamoyo iliyopigwa picha kupitia kioo cha gari nayo ilijaza, na wimbo wa huzuni unaoimbwa wote kuanzia mwanzo hadi mwisho mtu amekaa ufukweni.

Kanumba naye anayo mageti yake, mengi tu. Tofauti ni kwamba kwake, mara nyingine, geti lilikuwa na kazi. Kuna filamu, na aibu yangu ni kwamba nimeandika tu "Kanumba, geti" kwenye daftari kwa hiyo sina jina lake, ambayo anasubiri mlinzi afungue, na kamera imesahauliwa usoni mwake. Hafanyi lolote. Amechoka, na anajua ndani ya nyumba kuna ugomvi unamsubiri. Ananyoosha shingo, anapumua, anajitengenezea uso wa kuingia nao nyumbani. Sekunde kumi labda. Mama wa genge alinifanya nirudishe hapo mara mbili siku aliyokuja kujaribu CD dukani. "Ndivyo wanavyofanyaga," akasema, na hakueleza ni kina nani.

Filamu yake ninayoipenda kuliko zote ni Uncle JJ ya mwaka 2010, na najua si ile ambayo wakosoaji wangeichagua. Anacheza anko, na wanaoibeba filamu ni watoto wawili, Jennifer na Patrick, kama tulivyowajua kwa majina ya kwenye skrini. Watoto wale walikuwa watundu wa kweli, siyo watundu wa kuandikiwa. Kwa mwigizaji mwenye jina kubwa, kucheza na mtoto ni hatari. Mtoto haheshimu nani ni staa, na mtazamaji anamtazama mtoto. Kanumba akakubali kutazamwa wa pili. Suti ipo, The Great yupo, lakini anaendeshwa na watu wawili wenye urefu wa kiunoni kwake, na ile sanaa yake ya kusikiliza ikageuka kuwa kichekesho. Anasikiliza upuuzi wa mtoto kwa uso uleule aliotumia kusikiliza msiba. Kahama nzima ilicheka. Kwenye daftari, mwaka ule, "Kanumba, ya watoto" imeandikwa kuliko kitu kingine chochote.

Nilihesabu. CD moja ya Uncle JJ, sehemu ya kwanza, nakala yetu moja tu, ilikodiwa mara 61 kabla haijaanza kuganda. Mara shilingi 500, ni shilingi 30,500. Kaka aliinunua mara moja tu. Kati ya hizo shilingi 30,500, Kanumba hakupata hata senti, wala wale watoto, wala aliyefungua geti. Na hata tungekuwa waaminifu tukauza badala ya kukodisha, sijui zingemfikia kwa njia ipi, kwa sababu mtindo wa Kariakoo ulikuwa kununua filamu kwa mkupuo: msambazaji anakupa hela yako, unamwachia kazi, ikiuza nakala elfu au laki ni habari yake. Ndiyo sababu walirekodi haraka vile, wiki moja au mbili filamu imekwisha, maana chakula kilitoka kwenye filamu ijayo na siyo iliyopita. Wachoma CD wa mtaani tuliwalaumu sana. Laibrari hakuna aliyezilaumu, nasi tulikaa kimya tukiandika majina. Kuna ndugu zangu hawatapenda nimeandika hivi. Lakini madaftari ninayo mimi.

Mwaka 2011 ulikuwa mwaka wa mgao. Wanaokumbuka wanakumbuka: umeme unakatika asubuhi unarudi usiku wa manane, au haurudi. Biashara ya kaka ilidorora, watu wanakodi CD halafu wanakaa nayo siku tatu wakisubiri umeme, na mimi nabishana nao juu ya faini. Ni mwaka huo Kanumba alitoa Devil Kingdom, akiwa na Ramsey Nouah. Kwa upande wa ndoto yake huo ulikuwa ushindi: Ramsey alikuwa jina ambalo dada zetu waliandika kwenye vifuniko vya madaftari ya shule. Niliisubiri kama watu wote. Nilipoiona, nilihisi kitu ambacho sikuthubutu kusema dukani. Mbele ya mgeni mkubwa, Kanumba alianza kuigiza. Alikuwa mkubwa zaidi, sauti juu zaidi, macho yamefunguka zaidi. Yule kijana wa Kaole aliyekuwa anakaa kimya na kupokea, alikuwa amejiandaa sana siku hiyo. Ramsey ndiye aliyekuwa ametulia. Inawezekana namwonea, inawezekana nilikuwa nimekaa giza muda mrefu. Niliirudia mwaka jana baada ya kupata madaftari, na bado nahisi hivyohivyo.

Nilifikiri atavuka tu. Alikuwa na miaka 27, na waigizaji wanaume wengi ndipo wanapoanza. Nilikuwa namwona kichwani mwangu akiwa na miaka 45, ameota kitambi, ameacha suti nyeupe, anacheza baba wa bibi harusi na hasemi kitu mpaka dakika ya arobaini.

Tarehe 7 Aprili 2012 ilikuwa Jumamosi, katikati ya Pasaka, na tena ni Siku ya Karume, kwa hiyo ilikuwa sikukuu juu ya sikukuu na tulijua tutauza. Nilifika kufungua duka mapema. Kijana wa bodaboda akaniambia Kanumba amekufa. Nikamjibu jibu la kila mtu aliyekulia kwenye vibanda umiza: "Stelingi hafi." Naye akacheka. Mteja wa pili akaja na habari hiyohiyo, akasema ni kiki ya filamu mpya. Wa tatu alikuja analia.

Saa sita rafu ya Kanumba ilikuwa tupu. Watu walikodi zote, hata zile zilizokuwa zinaganda, hata sehemu ya pili bila ya kwanza. Kaka akapandisha bei, shilingi 1,000, nikamwangalia, akasema andika. Nikaandika. Tarehe 7 ya mwezi wa nne ina mistari 34 na yote inasema kitu kimoja.

Jumanne tarehe 10 alizikwa makaburi ya Kinondoni baada ya kuagwa Leaders Club. Tuliifuatilia dukani, TV ya chogo imewekwa juu ya meza mlangoni, barabara imejaa mpaka kwenye genge la yule mama. Rais Kikwete alikuwa ameshafika msibani nyumbani, Makamu wa Rais Dk. Mohamed Gharib Bilal alikuwepo kwenye kuaga. Watu walizimia wakabebwa. Mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa akituita wahuni kwa kuuza mikanda, alisimama muda wote ameshika kofia mkononi. Alipoondoka aliuliza kama ipo ya kukodi. Haikuwepo. Kesi ya kifo chake ilifika mwisho Mahakama Kuu Novemba 2017, kwa hukumu ya kuua bila kukusudia, na juu ya hilo sina sentensi nyingine.

Laibrari ilikufa kabla ya mwaka kwisha. Kaka husema ni simu, watu walianza kutumiana video kwa memori kadi. Mwaka 2013 zikaja stempu za TRA kwenye CD za muziki na filamu, ili kupambana na wizi, lakini soko lilikuwa tayari linaondoka mlangoni. Kilichofuata ndicho ninachokifikiria mara kwa mara. Ving'amuzi vikaenea, Azam wakaingia mwishoni mwa 2013, Maisha Magic Bongo ikaja na tamthilia kama Huba, na waigizaji waliobaki, mmoja mmoja, wakarudi kwenye tamthilia ya televisheni. Pale pale Kanumba alipoanzia. CD iliyowatoa Kaole ilidumu miaka kumi tu, na yeye akawa ndani yake karibu yote.

Nikitazama tamthilia hizi za sasa, kamera ni nzuri, taa ni nzuri, sauti inasikika. Mageti bado yapo. Ninamtafuta mtu anayesikiliza. Wapo wawili watatu, sitawataja wasije wakaharibika.

Baada ya kupata madaftari niliangalia wadaiwa. Kwenye ile mistari 34, CD 33 zina alama ya vema, zimerudi. Moja haina. Uncle JJ, sehemu ya kwanza, ile nakala iliyokodiwa mara 61, na jina ni la mama wa genge. Nilipokwenda Kahama mwezi wa kumi na mbili nikapita kwake. Genge limekuwa duka sasa, na yeye amekuwa na mvi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. We si mdogo wake yule wa mikanda?"

Nikamwambia ndiyo, na nikamwambia deni lake kwa faini ya shilingi 300 kwa siku limevuka milioni moja. Alicheka mpaka akaketi. Akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha khanga. Kava lilikuwa limepauka, Kanumba na watoto wake wawili wamebaki bluu bluu. Akaifungua CD, akaipuliza vumbi ambalo halikuwepo, akaigeuza tukaona mikwaruzo.

"Nilitaka kuirudisha ile Jumatatu," akasema. "Mlifungua?"

"Tulifungua."

"Basi sikutaka." Akaifunga tena kwenye khanga. "Kaka yako ana deki bado? Ya kwangu ilikufa. Mwambie akiipata aje nayo, hela ya faini nitampa tukishaangalia."